Bomba Nimelihamisha kwa Mdomo

Mshauri wetu, wewe unayesomwa hata na wale wasiokubali kwamba wanakusoma, shikamoo kama umenizidi umri, jambo ambalo sidhani, maana mimi hapa mtaani hata kuta zinaniamkia. Nakuletea mzigo ulionishinda, mimi niliyewahi kubeba bomba la chuma la inchi sita begani peke yangu kutoka kwenye lori mpaka mtaroni, wenzangu wanne wakinishangaa. Sawa, na wao walikuwa wameshika, lakini uzito wote ulikuwa upande wangu. Nisaidie, nakuomba, na jina langu usilitoe. Mwandiko nao nisamehe. Shule naijua kwa nje tu, nilisomba mawe ya kuijenga, na herufi nilijifunzia kwenye mifuko ya saruji, ndiyo maana naandika makubwa makubwa kama natangaza kiwanda.

Nilifanya kazi idara ya maji miaka thelathini na mmoja, kuchimba na kulaza mabomba, na hakuna nyumba sehemu hizi inayochemsha chai bila mkono wangu kuwa umepita hapo. Mtaani wananiita Mzee Chumvi kwa ajili ya hadithi zangu, kwa mfano ile ya siku bomba kuu lilipopasuka nikalikalia kuanzia asubuhi mpaka mafundi walipokuja na vifaa, na maji yakaniheshimu. Watu wanacheka, nami napenda wakicheka, kwa sababu nyumbani hakuna wa kucheka. Mama watoto alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, watoto wana miji yao, wanapiga simu Jumapili kuuliza kama nimekula, nikisema nimekula wanakata.

Kilichonibakia ni kibaraza. Ni kiti cha saruji nilichokijenga mwenyewe mbele ya nyumba, kimeshikana na ukuta, kiko ukingoni kabisa mwa barabara, na kuna mahali pamebonyea kwa kukaliwa na mtu mmoja. Saruji haibonyei, najua, lakini hii imebonyea. Na ng'ambo ya barabara, hatua kumi na nne, nimezihesabu, iko veranda ya mama fundi.

Mama fundi anashona nguo. Alihamia pale miaka tisa iliyopita, mjane, na cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu, akaiweka verandani, na tangu siku hiyo alasiri zangu zina sauti. Cherehani ikilia mfululizo najua ni shuka au pazia, ikilia kidogo kidogo najua ni kola, ikinyamaza nami nanyamaza hata kama hadithi yangu imefika patamu, watu wananiuliza ehe, kisha ikawaje, na mimi nasikiliza kama itaanza tena. Anakaa ameelekea barabarani, kwangu kabisa, na kwa kuwa jua linazama nyuma ya nyumba yangu, ikifika saa kumi linampiga usoni, amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, uso ameukunja, na mimi kila siku najiuliza moyoni, huyu mama ananichukia au ni jua. Kila siku anapaza sauti, "Umeshindaje, jirani?" nami namjibu kwa kishindo kwamba nimeshinda kama simba, kumbe nimeshinda nikingoja aulize.

Cheka tu, nimezoea. Nina suruali tatu na zote nimezichana kwa mikono yangu ili nipate sababu ya kuvuka barabara. Siku moja aliishika moja, akaigeuza juani, akasema, "Jirani, suruali zako zinachanika palepale kila mwezi, na zinachanika kwa unyoofu kama zimekatwa. Unafanya kazi gani siku hizi?" Nikamwambia nakwea miti. Akaishona, akaongeza na kifungo cha akiba upande wa ndani ambacho sikumwomba. Mpaka leo kifungo kile nakipapasa nikiwa peke yangu. Sababu yangu nyingine ni gazeti lenu hili, nalinunua Jumatano, nasoma ukurasa wako, kisha nampelekea yeye, maana mifano ya nguo anaikatia kwenye karatasi za magazeti. Naliweka kwenye ngazi ya veranda, nasema karatasi hiyo mama, narudi mbio kama mwizi. Miaka tisa, mshauri. Mimi niliyelikalia bomba kuu.

Ndipo ikaja habari ya barabara. Barabara yetu unaijua hata kama hujafika, kiangazi unakula vumbi, masika unakula tope, na mbele ya duka kuna shimo ambalo kwa umri wake lilistahili kitambulisho. Ikatangazwa kwamba itapanuliwa, iwekwe lami na mitaro, tukaitwa mkutano darasani, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yako masikioni. Mbele alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye kinyozi wetu, na binti mmoja mhandisi kutoka ofisi ya barabara, mpole, amevaa kizibao cha kung'aa, ramani ameitandaza mezani na kuikandamiza kwa dasta na boksi la chaki. Kila mtu alisema lake. Mwalimu alitaka matuta, mwenye lori hakutaka kuyasikia, mwenye duka alitaka lile shimo lizibwe kabla mkutano haujaisha, na bibi mmoja mwenye kifua akauliza lami hunuka kwa siku ngapi. Binti aliandika yote, hata la bibi. Kisha akatuambia barabara itapanuliwa upande mmoja tu, hatua mbili na nusu, na upande wenyewe utategemea bomba kuu la maji linapopita, kwa kuwa greda likiligusa mtaa mzima utakosa maji, na shida ni kwamba ramani ya zamani ya idara ya maji imeliwa na mchwa. Akauliza kama yupo anayejua.

Vichwa vyote vikageuka kwangu. Hata bibi wa kifua. Mwenyekiti akasema, "Mzee Chumvi ndiye aliyelilaza."

Ni kweli nilililaza mimi. Liko upande wa mama fundi, chini ya veranda yake, kina cha kiuno, na nikifumba macho naona kiungo chake kilipo, ni sawasawa na hapo anapokanyagia cherehani. Maana yake barabara ilitakiwa kula upande wangu, na kitu cha kwanza kuliwa ni kibaraza.

Nikasimama. Mimi nikisimama watu huanza kucheka kabla sijafungua mdomo, lakini siku hiyo sikutia chumvi hata punje, simba hakutajwa, nilisema taratibu, "Liko upande wangu, mwanangu. Linapita chini ya kibaraza changu." Na hakuna aliyecheka. Maisha yangu yote nimesema kweli yenye chumvi watu wakaikataa, nikasema uongo mkavu mara moja tu, ukachorwa kwenye ramani kwa kalamu nyekundu. Na naapa, mshauri, wakati nasema niliona kile kiti peke yake, niliona zile hatua kumi na nne, sikuwaza kwamba barabara isipokula huku itakula kule. Hilo lilinijia nikiwa njiani kurudi, karibu na lile shimo, nikasimama hapo mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku mbili baadaye watu wa ofisi walipita na ndoo ya rangi wakapiga alama nyekundu kwenye nguzo ya veranda yake. Nilikuwa nimekaa, naona. Alisimamisha cherehani, akaenda akaigusa alama, rangi ikamshika kidole, akajifuta kwa kipande cha kitambaa, kidole kimoja, muda mrefu. Kisha akavuka barabara. Katika miaka tisa ilikuwa mara ya kwanza kuvuka yeye. Alisimama mbele ya kibaraza changu akanieleza kwamba wakiikata veranda kinabaki chumba cha giza, humo hawezi kushona, itabidi ahamie kwa dada yake, na kwa dada yake ni safari ya siku nzima. Halafu akaniuliza, "Jirani, una hakika na hilo bomba?"

Nikamjibu, "Kama ninavyojijua mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi. Tangu siku ile haniulizi nimeshindaje. Anashona harakaharaka, anamalizia nguo za watu, na naisikia cherehani inavyokwenda, haina tena ule mwendo wake.

Nimejaribu kusema kweli. Juzi nilikwenda kwa mwenyekiti kunyolewa, nikamwambia bomba haliko kwangu, nilidanganya nisipoteze kiti changu. Alicheka mpaka akaweka wembe chini. Waliokuwa wakingoja zamu nao wakacheka, mmoja akaomba nirudie, mwenyekiti akaniambia mtu kuhamisha bomba la mtaa mzima kwa ajili ya kiti cha saruji, hii Mzee Chumvi imeipita hata ile ya kulikalia. Na mimi, nisamehe, nilipowaona wanacheka, nikacheka nao.

Mkutano wa mwisho ni Jumamosi, greda linaanza Jumatatu. Nikisema kweli na nikiaminiwa, kibaraza kinaondoka, madirisha yangu yote yako nyuma, nitabaki mzee wa kusikia cherehani kupitia ukutani, na yeye atajua mimi ni mtu gani. Nikinyamaza, greda litapasua bomba chini ya veranda yake, na yeye ataondoka. Nimekilinda kiti cha kumtazamia mtu, na mtu mwenyewe nimemfukuza. Nifanyeje, mshauri? Usiniambie nisali, nimesali. Usiniambie nisahau, nina suruali tatu za kunikumbusha.

Mimi, mwenye mdomo.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sijalitoa, lile uliloandika mwenyewe ndani ya barua mara tatu halinihusu, na kwa habari ya suruali peke yake mtaa mzima umeshakutambua. Kwa hiyo tuongee waziwazi.

Umekosa, na kosa lako si dogo la kuchekesha. Umemtia mjane kwenye hatari ya kupoteza mahali pa kazi, umemfanya binti mhandisi achore uongo wako kwenye karatasi atakayoitia sahihi yeye, na kuna mtaa mzima unaolala haujui kwamba Jumatatu koki zitakauka. Alipovuka barabara akakuuliza kama una hakika, alikupa mlango wa kutokea, ukaufunga kwa mkono wako. Hapo niliiweka barua yako chini nikaenda kunywa maji, nisije nikakujibu nikiwa na hasira.

Lakini nilirudi. Mtu anayejua kola na shuka kwa kusikiliza tu, siwezi kumwita mbaya. Wewe ni mwoga, baba. Uliweza kukalia bomba kuu na hukuweza kukaa kwenye ngazi ya jirani yako dakika tano. Upweke ulikushika ukaukumbatia kama vile ni kiti. Nakuelewa, na bado nakugombeza.

Sasa sikiliza. Mdomo wako umefanya kazi ya kutosha, upumzishe. Hakuna atakayekuamini ukisimama mkutanoni Jumamosi, watakupigia makofi waombe nyingine. Lakini bomba likionekana, limeonekana, halichekwi. Leo ni Jumatano. Kesho asubuhi nenda mwenyewe ofisi ya barabara, uliza yule binti, usimtanie, usimwambie habari ya simba. Mwambie ulisema uongo na unataka kumwonyesha mahali. Mwombe aje Ijumaa mchana, watu wakiwepo, mchimbe shimo la kuangalia pembeni ya veranda, hapo unapojua kiungo kilipo. Sururu unaijua kuliko mimi. Pigo la kwanza upige wewe, hayo mengine waachie wenye migongo mizima. Wakishaliona, waambie alama nyekundu ifutwe kule ihamie kwako, na ndoo ya rangi uishike wewe. Watakusema mwezi mzima kwa mwenyekiti. Kaa kwenye kiti cha kinyozi usikie yote, na safari hii usicheke nao.

Kibaraza kitaondoka. Sitakudanganya kwamba kuna namna ya kukiokoa, haipo, na ulipokiandika ulijua. Kilie siku moja. Ni saruji.

Ila shimo lile litachimbwa kwenye uwanja wa mtu, na mwenye uwanja ndiye wa kwanza kujua, kabla ya mhandisi na kabla ya mwenyekiti. Maana yake ni leo. Akikukasirikia, ana haki. Akikwambia usimsemeshe tena, ana haki, utarudi nyumbani kwako, na kesho yake ofisini utakwenda vilevile. Usiende kumnunua kwa ukweli. Mpelekee kwa sababu ni wake.

Na kuna jambo moja umeniandikia bila kujua unachoniandikia. Mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani, mama yangu alikuwa fundi. Fundi haelekei jua. Fundi anaweka cherehani mwanga uje kutoka begani, uangukie sindano, na likimgeukia anageuza meza. Likimpiga usoni haoni uzi, haoni mshono, kichwa kinamuuma mpaka usiku. Veranda ina pande nyingine, na meza ya cherehani inageuzwa na mtu mmoja kwa kuisukuma kwa nyonga. Huyu mama yako amekaa miaka tisa, kila alasiri, amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, amekunja uso, na meza hajaigeuza. Kwa nini, sijui, na siwezi kumsemea mtu ambaye hakuniandikia. Nakwambia tu kwamba kwa fundi hilo si jambo la kawaida, na kwamba wa kumuuliza yuko hatua kumi na nne.

Gazeti hili mpelekee kama kawaida yako, saa kumi. Vaa suruali iliyo nzima kama imebaki. Usiliweke kwenye ngazi, usiseme karatasi hiyo mama ukakimbia. Lifungue ukurasa huu, mpe mkononi kabla hajatia mkasi, na usimame palepale mbele ya meza yake, mgongo wako ukimkinga jua, mpaka amalize kusoma.